Msimlaumu Mama, Msimwue Paka: Ugonjwa wa Tokso na Mtoto Aliye Tumboni

(Mazungumzo haya yalitolewa kwenye semina ya siku moja ya vikundi vya kujisaidia. Tumeyachapa kwa ombi la wanachama, pamoja na baadhi ya maswali yaliyoulizwa.)



Nimeombwa nizungumze juu ya ugonjwa ambao wengi wenu mmeanza kuusikia kwa jina la "ugonjwa wa paka". Jina hilo mimi silipendi, na mtaona kwa nini. Kwa kitaalamu unaitwa toksoplasmosisi. Ni neno refu, linachosha ulimi, kwa hiyo leo tutasema tokso tu.

Sababu ya kuombwa ni kwamba yamesikika mambo matatu katika vikundi vyetu. Kijiji kimoja watu wamekusanya paka wakawatia guniani, na mnajua gunia hilo lilikwenda wapi. Kijiji kingine, mama aliyeharibikiwa na mimba ameambiwa na watu wa nyumbani kwa mumewe kwamba amejiletea mwenyewe, ati kwa sababu paka hulala miguuni pake. Na la tatu, kuna mama ameuza mbuzi apate pesa za kupimwa damu mjini, akarudi na karatasi ambayo hakuna aliyemweleza maana yake. Huku ndiko kujua nusu. Ugonjwa wenyewe upo, ni wa kweli, na unaweza kumdhuru mtoto kabla hajazaliwa. Lakini tukiujua nusu tutawaumiza wasio na hatia, na ugonjwa tutauacha pale pale shambani.

Basi tuanze mwanzo. Tokso huletwa na kimelea kidogo sana kisichoonekana kwa macho. Kiligunduliwa mwaka 1908, tena hapa hapa Afrika, mjini Tunis, ndani ya mnyama mdogo kama panya anayeitwa gundi. Mwaka huo huo mtaalamu mwingine alikiona kule Brazili ndani ya sungura. Mwaka 1939 madaktari wa New York walithibitisha kwamba mtoto anaweza kuzaliwa nacho. Lakini paka anaingiaje katika habari hii? Hilo halikujulikana wazi mpaka karibu mwaka 1970. Kwa hiyo msione haya kama hamkujua. Hata waliosoma walikaa miaka 60 wakijiuliza.

Kimelea hiki huishi ndani ya wanyama wengi: panya, ndege, kuku, mbuzi, kondoo, nguruwe, na sisi binadamu. Mayai yake, hata hivyo, hutokea ndani ya tumbo la wanyama wa jamii ya paka peke yao. Paka akila panya au ndege mwenye kimelea, baada ya siku chache huanza kutoa mayai katika mavi yake, mniwie radhi kwa neno hilo. Hutoa mamilioni, kwa muda wa wiki moja mpaka tatu. Halafu huacha, na kwa kawaida hatoi tena. Sasa sikilizeni vizuri hapa. Mavi yakiwa mabichi, ya leo, mayai hayo bado hayawezi kumwambukiza mtu. Yanahitaji siku moja mpaka tano kukomaa. Yakishakomaa, kama udongo una unyevu na kivuli, yanaweza kukaa hai mwaka mzima au zaidi. Mvua huyachukua, jembe huyageuza, kuku huyachokora, nzi na mende huyabeba.

Mnaona sasa? Paka mzee aliyelala jikoni, ambaye pengine aliugua na kumaliza miaka mitano iliyopita, si yeye wa kuogopwa. Kumshika mgongo hakumwambukizi mtu. Ukimwua, mayai yaliyo shambani hayafi pamoja naye. Panya wataongezeka ghalani, watakula mahindi yenu, halafu mtakwenda kuomba mtoto wa paka kwa jirani. Na huyo mtoto wa paka, anayeanza kuwinda kwa mara ya kwanza, ndiye hasa atakayetoa mayai. Kwa hiyo waliobeba gunia wamebadilisha paka salama kwa paka wa hatari, na mahindi wamepoteza.

Ugonjwa huu basi hutufikiaje? Kwa sehemu kubwa unapitia mdomoni. Unaweza kupitia udongo, na unaweza kupitia nyama.

Udongo ndio unaotuhusu zaidi sisi watu wa jembe. Paka hupenda kufukia mavi yake mahali palipolainishwa. Mahali gani pamelainishwa kuliko kitalu cha sukuma wiki ulichokichimba jana? Hupenda pia mchanga wa kujengea uliorundikwa kando ya nyumba, na hapo ndipo watoto huchezea. Hupenda na jalala la majivu. Mama anapalilia kwa mikono, anasikia njaa, anavunja muhindi uliochomwa, anakula. Au anachuma sukuma wiki na nyanya, anapangusa nyanya kwa leso, anauma. Mikono ile ile, udongo ule ule.

Kuna jambo jingine ambalo akina mama hatulisemi mbele ya wanaume, lakini leo nitalisema. Ni udongo wa kula. Wengi wetu tukiwa na mimba tunatamani udongo: wengine wa kichuguu, wengine wa ukuta wa nyumba, wengine yale mawe laini yanayouzwa sokoni, odowa. Simcheki mtu. Hamu hiyo ni ya kweli, na mara nyingi mwenye hamu hiyo ana upungufu wa damu, kwa hiyo aende kliniki aangaliwe damu na apewe tembe za madini ya chuma. Ila udongo wenyewe unaweza kuwa na mayai ya minyoo, na ukichotwa mahali paka hupita unaweza kuwa na tokso pia. Hapo huhitaji hata kusahau kunawa mikono. Umekula moja kwa moja.

Na maji. Mwaka 1995 katika mji wa Victoria, Kanada, watu wapatao 100 waligunduliwa kuwa wameambukizwa tokso, na uchunguzi ukaelekeza kwenye maji ya mfereji ya mji huo. Ikiwa maji ya mji wa Kanada yaliweza, kisima chetu kisichofunikwa kitashindwaje? Lazima mjue kwamba dawa ya klorini, ile tunayotia kwenye mtungi, ni nzuri kwa vijidudu vingi vya kuhara, lakini mayai ya tokso hayafi kwa klorini. Yanakufa kwa kuchemsha. Kwa mama mjamzito, maji ya kunywa yachemshwe.

Halafu nyama. Mbuzi, kondoo au nguruwe akila majani yenye mayai hayo, kimelea huingia katika misuli yake na kukaa humo kimya ndani ya vifuko vidogo. Haonekani kuwa mgonjwa. Mkaguzi wa nyama hawezi kukiona kwa macho, kwa hiyo muhuri ulio kwenye nyama hautuambii lolote juu ya tokso. Mwaka 1965 madaktari wa Paris waliandika juu ya watoto waliolazwa kwa ajili ya kifua kikuu. Watoto hao walikuwa wakipewa nyama isiyoiva ikiaminika kuwa inatia nguvu. Walipoongezewa nyama ya kondoo karibu mbichi, waliambukizwa upesi zaidi. Paka hakuhitajika. Nyama yenyewe ilitosha.

Najua mko watu wa nyama choma. Siwakatazi. Lakini ile choma yenye wekundu karibu na mfupa, na mutura uliopashwa moto tu nje huku ndani ni baridi, mama mjamzito asipewe. Nyama iive mpaka wekundu uishe na maji yanayotoka yawe meupe. Asionje nyama ya kusaga ikiwa mbichi ili kujua chumvi. Kisu na ubao uliokatia nyama mbichi vioshwe kwa sabuni na maji ya moto kabla ya kukatia kachumbari. Maziwa ya mbuzi yachemshwe. Hapo nimemaliza nyama.

Sasa tuje kwa mama mwenyewe na mtoto.

Inakisiwa kwamba karibu theluthi moja ya watu wote duniani wamewahi kuambukizwa tokso. Wengi hawakujua. Labda walisikia homa kidogo, uchovu, tezi za shingoni zikavimba, wakadhani ni mafua au malaria, ikapita. Baada ya hapo kimelea hulala mwilini na kinga ya mwili hukilinda kisiamke. Katika chumba hiki, wengi wetu huenda tumeshaipitia zamani tukiwa watoto tunacheza mchangani. Na hii ni habari njema: mama aliyeambukizwa kabla ya kupata mimba, na kinga yake ya mwili ikiwa na nguvu, kwa kawaida mtoto wake yuko salama.

Hatari iko kwa yule anayeambukizwa mara ya kwanza akiwa tayari ana mimba. Mwili wake haujajifunza kupigana na kimelea. Kinaingia katika damu, kinafika kwenye kondo la nyuma, na kinaweza kuvuka kwenda kwa mtoto. Hapo mambo hutegemea mimba ina miezi mingapi. Katika miezi mitatu ya kwanza, kati ya akina mama 10 walioambukizwa na wasiotibiwa, ni mmoja au wawili tu ambao ugonjwa utamfikia mtoto. Lakini mtoto huyo ataumia sana, maana ndipo ubongo na macho yanaumbwa. Mimba inaweza kutoka, au mtoto akafa tumboni, au akazaliwa na maji yaliyojaa kichwani. Katika miezi ya mwisho ni kinyume. Kati ya 10, watoto sita au saba wanaweza kufikiwa, lakini wengi wao huzaliwa wakionekana wazima kabisa. Mkunga anasema hongera, tunapiga vigelegele. Ugonjwa uko ndani, umelala, na mara nyingi unapoamka huamkia jichoni. Unaweza kuamka mtoto akiwa na miaka miwili, au kumi, au akiwa kijana wa sekondari.

Mwaka juzi nilipelekwa kwa mama mmoja ambaye mwanawe, wa miaka tisa, alikuwa ameachishwa shule. Mwalimu alisema hashiki masomo. Nyumbani walisema ni mjinga, na nyanya yake alikuwa na maelezo yake mwenyewe, kwamba mama alidharau mila fulani alipokuwa mjamzito. Nilikaa na yule mtoto uani. Nilimpa maharage achambue. Nikaona anageuza kichwa pembeni kila anapotazama, kama kuku anayeangalia mwewe. Tukampeleka kwenye kliniki ya macho. Daktari akakuta makovu nyuma ya macho yote mawili, na baada ya kumpima damu akasema yumkini ni tokso aliyozaliwa nayo. Makovu hayaondoki. Lakini mtoto alirudi shuleni akakalishwa mbele kabisa, karibu na ubao, na mwaka ule alitoka nambari kumi na nne kati ya hamsini. Miaka tisa alikuwa akiitwa mjinga kumbe haoni. Na miaka tisa mama yake alikuwa akitazamwa kama mkosaji ndani ya boma ambalo yeye ndiye aliyelilima, aliyelichotea maji na kulipikia.

Hapa ndipo nataka tukae kidogo. Mnakumbuka Injili ya Yohana, sura ya tisa, yule mtu aliyezaliwa kipofu. Wanafunzi walitaka kujua dhambi ni ya nani, yake au ya wazazi wake. Bwana wetu alikataa swali lenyewe. Sisi tunalirudia swali lile lile kila mtoto anapozaliwa na kasoro, na jibu letu huwa tayari: ni mama. Hebu tufikiri. Nani humtuma mama kupalilia kitalu bila glavu? Nani huleta nyama na kusema iive upesi wageni wanasubiri? Maji yasipochemshwa kwa sababu kuni hazipo, kosa ni la nani? Tokso inaingia kupitia kazi ambazo boma zima linamwachia mtu mmoja, hata akiwa na mimba ya miezi saba. Kama ugonjwa unapitia kazi, basi kinga nayo ni kugawana kazi.

Sitawaambia mama mjamzito asishike jembe. Nikisema hivyo mtacheka, na mtakuwa na haki. Ninachosema ni hiki. Kusafisha mavi ya paka, kuchota mchanga, kuondoa jalala na kuchinja, hizo zifanywe na mtu mwingine: bwana, kijana mkubwa, shemeji. Mavi ya paka yaondolewe kila siku, kabla mayai hayajakomaa, yatupwe chooni au yafukiwe mbali na bustani na kisima. Mama akipalilia avae glavu, na akitoka shambani anawe kwa sabuni mpaka chini ya kucha kabla hajashika chakula. Mboga na matunda yaoshwe kwa maji mengi safi, na zinazopikwa zipikwe. Paka asipewe nyama mbichi wala matumbo siku ya kuchinja. Mchanga ufunikwe. Kitalu kilichochimbwa karibuni kiwekewe matawi ya miiba, paka hatakipenda.

Na kikundi je? Vikundi vyenu vina mzunguko wa pesa kila mwezi. Vingine vina zamu ya kulimiana. Mwanachama akipata mimba, kikundi kinaweza kuamua zamu yake ya kupalilia ifanywe na wenzake na yeye apewe kazi ya kuandika daftari au kuchagua mbegu. Kikundi kimoja ninachokijua kinafanya hivyo tayari, na kilimo chao hakijarudi nyuma hata kidogo.

Wenye mbuzi wa maziwa, neno moja. Mbuzi na kondoo wakiharibu mimba, wawili watatu kwa msimu mmoja, tokso ni mojawapo ya sababu. Inaweza pia kuwa brusela, ambayo nayo ni hatari kwa binadamu. Mama mjamzito asizalishe mbuzi, wala asishike kitoto kilichoharibika au kondo. Anayeshika avae glavu ndefu. Zamani tungefunga karatasi ya plastiki mkononi, lakini tangu mwaka 2017 mifuko hiyo imepigwa marufuku, basi nunueni glavu. Kila kitu kifukiwe chini sana, mbwa na paka wasifikie. Halafu mwiteni daktari wa mifugo.

Juu ya kliniki. Mama mjamzito anapoanza kliniki hupimwa damu: wingi wa damu, kundi la damu, kaswende, virusi vya UKIMWI na mengine. Tokso kwa kawaida haimo katika vipimo hivyo. Kwa hiyo usifikiri kwamba kwa kuwa "nilipimwa kila kitu" tokso nayo ilipimwa. Daktari akiona sababu, kwa mfano picha ya mtoto inaonyesha maji kichwani, au mama ana homa na tezi zimevimba, anaweza kuagiza kipimo katika hospitali kubwa. Kipimo hicho hutafuta alama mbili. Ya kwanza huonyesha kwamba uliwahi kuambukizwa, hata kama ni miaka ishirini iliyopita. Ya pili huonyesha kwamba huenda ni karibuni; lakini hiyo ya pili nayo inaweza kubaki katika damu kwa miezi mingi, ndiyo maana mara nyingi hurudiwa baada ya wiki mbili tatu. Karatasi ikisema una alama ya kwanza peke yake, mara nyingi hiyo ni kinga. Yule mama aliyeuza mbuzi alikuwa na alama ya kwanza peke yake. Alilia wiki nzima kwa sababu ya karatasi ambayo ilikuwa inampa habari njema.

Dawa zipo. Mama aliyethibitishwa kuambukizwa mapema katika mimba hupewa dawa iitwayo spiramisini ili kupunguza uwezekano wa kimelea kuvuka. Ikijulikana kwamba mtoto amefikiwa, hutumiwa dawa nyingine zenye nguvu zaidi pamoja na vitamini ya kulinda damu, tena si katika miezi ya kwanza. Mtoto akizaliwa na ugonjwa hutibiwa mpaka karibu mwaka mzima. Hizi ni dawa za daktari. Msiende kwenye duka la dawa kununua kwa kukisia.

Na mtoto ambaye kichwa chake kinakua kupita kiasi asifichwe nyuma ya nyumba. Si kila kichwa kikubwa ni tokso, tena mara nyingi siyo. Maji ya kichwani yana sababu nyingi, kama maambukizi ya ubongo baada ya kuzaliwa. Lakini sababu yoyote iwayo, upasuaji upo, hapa hapa Kenya, kama pale Hospitali ya Kijabe. Akipelekwa mapema, ubongo huokolewa. Kila mwezi mnaongoja mkishauriana nyumbani, maji yanaendelea kuubana.

Baadhi ya maswali

Mama mmoja: Mimba zangu tatu zimetoka. Daktari wa maabara alisema ni paka. Ni kweli?

Pole sana, mama. Tokso inaweza kuharibu mimba moja, ile ambayo ndani yake uliambukizwa. Baada ya hapo mwili huwa na kinga. Kwa hiyo mimba zikitoka mara tatu mfululizo, tokso kwa kawaida siyo sababu, na asiyetafuta zaidi atakuacha bila msaada. Nenda kwa daktari wa akina mama, yeye mwenyewe si maabara tu, na mumeo aende nawe. Kuna kaswende, kuna sukari, kuna matatizo ya mfuko wa uzazi. Usikubali kuishia kwa paka.

Mama mwingine: Mimi naishi na virusi. Mimba yangu ni ya miezi mitano. Mimi nina kinga ya zamani au sina?

Asante kwa kusema mbele ya watu. Kinga ya mwili ikishuka sana, tokso ya zamani iliyolala inaweza kuamka, ikaenda kwenye ubongo wa mama, na mara chache ikamfikia mtoto. Ukimeza dawa zako za kupunguza makali kila siku bila kuruka, kinga inabaki juu na tokso inabaki imelala. Kama kliniki wamekupa Septrini, nayo husaidia kuzuia tokso. Usiache bila wao kukuambia. Na yale ya mikono, nyama na maji yanakuhusu kama wengine.

Kijana: Dada yangu ameolewa upande wa Ziwa. Huko kliniki huwapa wajawazito tembe tatu za malaria. Si zinaua na tokso?

Umeuliza vizuri, maana ndani ya tembe zile kuna dawa ya jamii moja na ile ya tokso. Lakini zile hutolewa kwa kipimo cha kuzuia malaria, kwa vipindi. Si matibabu ya tokso, na dada yako asizitegemee kwa hilo. Azimeze kwa ajili ya malaria kama alivyoambiwa.

Nyanya mmoja: Mtoto akinyonya anaweza kuambukizwa na mama yake?

Hapana, nyanya. Mama aendelee kunyonyesha. Hata kula sahani moja au kulala nyumba moja hakuambukizi.

Mzee mmoja: Umesema tugawane kazi. Mke wa mwanangu ana mimba ya miezi mitatu, na mwanangu yuko Nairobi, huja mwisho wa mwezi. Hiyo kazi ya paka na mchanga nimwachie nani?

Mzee, wewe mwenyewe una nguvu, nimekuona ukipanda kilima hiki asubuhi. Mavi ya paka ni kazi ya dakika tano na koleo. Mchanga ule tafuta turubai kuukuu ufunike. Glavu zinauzwa kwenye maduka ya pembejeo hapo sokoni. Nunua jozi mbili, moja yako na moja yake. Na mwanao akija mwisho wa mwezi na nyama, mwambie asikae sebuleni akingoja kuitwa. Asimame motoni aigeuze mwenyewe mpaka iive.